Mashine za urembo zimefika Minago, tusinunue kidonda kwa mkopo

MWEZI uliopita nilikuwa safarini kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Tulipofika Minago dereva alisimama, kama ilivyo desturi, ili abiria wanunue mukeke wa kukaanga, samaki ambaye ndugu zetu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Nikatumia nafasi hiyo kuvuka barabara na kumsalimia dada mmoja mwenye saluni, ambaye tulifahamiana tangu tukiwa wakimbizi Nyarugusu.

Dada huyu alijifunza kusuka kambini. Aliporudi nyumbani mwaka 2019 alifungua kibanda cha mbao chenye viti viwili na kioo kimoja, na kibanda hicho ndicho kinachosomesha watoto wake. Siku hiyo alitoa simu akanionyesha picha ya mashine nyeupe yenye mpira mrefu na kichwa kinachotoa mwanga.

"Kaka, hii ni leza kutoka Dubai," akaniambia. "Inaondoa ndevu, chunusi, madoa na michirizi, yote hii hii moja. Mchuuzi anasema iko Kigoma, nikitoa dola 900 inaletwa mpaka mlangoni. Kikoba wamekubali kunikopesha. Wewe unayeandika magazetini, niambie, nichukue au niache?"

Sikuwa na jibu. Honi ililia, nikaondoka na mukeke wangu na aibu yangu. Tangu siku hiyo nimesoma na kuulizia, na nimeona jibu nilitoe hapa, kwa sababu swali hilo si la dada yule peke yake.

Kwa nini mashine, na kwa nini sasa

Tangu mwaka 2017 zaidi ya Warundi 200,000 wamerudi nyumbani kutoka nchi jirani, wengi wao kutoka Tanzania. Hapa Rumonge anayerudi hakuti shamba likimngoja. Migogoro ya ardhi iliyotokana na mwaka 1972 inajulikana na kila mtu. Asiye na shamba hutafuta biashara au ufundi, na kwa akina dada wengi ufundi huo ni saluni. Lakini saluni zikishakuwa nyingi katika senta moja bei ya kusuka hushuka, na kila mmoja huanza kutafuta kitu ambacho mwenzake hana.

Kwa upande wa wachuuzi, tangu mwaka 2021 nchi imepita vipindi virefu vya uhaba wa mafuta ya magari na wa fedha za kigeni. Kusafirisha magunia kumekuwa na gharama kubwa. Sanduku moja la kilo chache linaloweza kuuzwa dola mia kadhaa linavutia kuliko shehena nzima ya bidhaa za kawaida.

Na wateja wapo. Wapo wanaume wenye vipele vya kunyoa ndevu, wapo wanawake wanaoota ndevu kidevuni, na wapo walioharibiwa na mkorogo ambao sasa wanataka mabaka yaondoke. Kwa hiyo anayeuza, anayenunua na anayehudumiwa kila mmoja ana haraka yake. Na wakati wa haraka hakuna anayeuliza maswali.

Si kila mwanga ni leza

Mashine nyingi zinazoitwa leza mitaani si leza. Ni taa kali inayopiga mwanga kwa kishindo, yenye mawimbi ya aina nyingi kwa wakati mmoja. Kitaalamu huitwa IPL. Leza ya kweli hutoa wimbi la aina moja tu.

Tofauti hiyo ni kubwa kwetu sisi watu weusi. Mashine ya kuondoa nywele hufanya kazi kwa kutafuta rangi nyeusi. Mwanga huingia, hunaswa na rangi ya nywele, hugeuka joto na kuunguza shina. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi mwanga haukosei njia. Kwetu sisi rangi hiyo hiyo imejaa kwenye ngozi yenyewe, hivyo joto huishia juu kabla ya kufika kwenye shina.

Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alianzisha utaratibu wa kugawa ngozi kulingana na inavyopokea jua, na leo madaraja yake ni sita. Wengi wetu tuko daraja la tano na la sita. Kwa madaraja haya taa ya IPL si ya kuchezea. Matokeo yake yanaweza kuwa malengelenge, mabaka meusi au meupe, na kwa wenye asili hiyo, makovu yanayovimba. Leza inayoelezwa kuwa na hatari ndogo zaidi kwa ngozi nyeusi ni ile ya nanomita 1064, inayoitwa Nd:YAG, kwa kuwa mwanga wake hunaswa kidogo na rangi ya ngozi na hupenya chini zaidi. Ile ya diodi, ya nanomita 808 au 810, inaweza kutumika lakini inataka mkono uliofundishwa, nguvu iliyopunguzwa na kichwa kinachopoza ngozi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: mwanga wa aina gani, na nanomita ngapi? Akijibu kwamba mashine moja inatibu kila kitu kwa kila mtu, mfungie mlango kwa heshima.

Siku ya pili, nikiwa Rumonge mjini, nilikutana na binti mmoja aliyehudumiwa katika saluni ambayo sitaitaja. Chini ya taya alikuwa na alama tano za mstatili, kila moja ukubwa wa ubavu wa kiberiti. Hicho ndicho kipimo cha kioo cha ile taa. Aliniambia hakufanyiwa jaribio lolote, na hakuulizwa kama alikuwa anatumia mkorogo. Alikuwa anautumia. Ngozi iliyochubuliwa kwa haidrokwinoni au dawa kali za steroidi haiko tayari kwa mashine yoyote. Mteja wa namna hiyo aambiwe aende kwa daktari kwanza, hata kama fedha yake iko mkononi.

Jaribio lenyewe si kazi kubwa. Unachagua sehemu ndogo isiyoonekana, unapiga mara moja au mbili kwa nguvu ya chini, unasubiri siku mbili au zaidi ndipo unaendelea. Macho ya mteja yafunikwe, na mhudumu avae miwani iliyotengenezwa kwa wimbi la mashine hiyo hiyo. Miwani ya jua si kinga. Leza ikiingia jichoni hata kwa sekunde moja inaweza kuharibu uwezo wa kuona moja kwa moja.

Sindano ndogo, hatari kubwa

Kuna mashine nyingine, ndogo kama kalamu, yenye sindano nyingi zinazotoboa uso ili makovu yapungue. Bei yake ni ndogo, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu kila mtu anaweza kuinunua.

Aprili 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kisa cha saluni isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018. Wateja wake walipata virusi vya ukimwi, na uchunguzi ulionyesha kuwa yaelekea waliambukizwa katika huduma ya kudungwa uso kwa sindano ndogo pamoja na damu iliyotolewa mwilini mwao. Kama jambo hilo limetokea Marekani, penye maabara na wakaguzi, sisi wa kando ya ziwa tuna sababu ya kuwa waangalifu mara mbili. Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu aina ya sindano hizo zinazotumia pia joto la mawimbi ya redio, baada ya kupokea taarifa za watu kuungua, kupata makovu na kuharibika mishipa ya fahamu.

Kanuni ni rahisi. Kichwa cha sindano ni cha mteja mmoja, kisha kinatupwa kwenye boksi gumu. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Lile kabati lenye taa ya bluu linalopamba saluni nyingi haliui vijidudu vyote. Chombo cha chuma kinachogusa damu huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Asiye na uwezo huo asiguse damu ya mtu.

Umeme, maji na plagi

Mashine iliyonunuliwa Kigoma au Kariakoo mara nyingi huja na plagi ya pini tatu bapa. Soketi zetu Burundi ni za pini mbili za mviringo. Wengi hununua kiunganishi cha bei ndogo ambacho kinakata waya wa ardhi, na hapo mteja aliyelala akiwa amepakwa jeli yenye maji ndiye anayekuwa njia ya umeme. Mwite fundi abadilishe plagi yenyewe. Soma pia kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa volti 110, mashine hiyo haikutengenezwa kwa umeme wetu wa volti 220.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huua mashine kabla ya deni kwisha, kwa hiyo stebilaiza iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Na leza nyingi hupozwa kwa maji yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, si ya bomba wala ya ziwani. Maji yenye chumvi huziba njia, kichwa kinapata joto, na anayeungua ni mteja.

Mpakani tusidanganyane

Wapo wachuuzi wanaodhani cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinafunika kila mzigo usiozidi dola 2,000. Sivyo. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Mashine ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imelala usiku mmoja Kigoma.

Jambo la pili ni hadhi ya mashine. Ulaya, kwa kanuni namba 745 ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika Mei 2021, imeziweka leza na taa za kuondoa nywele chini ya sheria ile ile ya vifaa tiba, hata kama muuzaji anasema ni za urembo tu. Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, na vipodozi vilihamia TBS mwaka 2019. Kwetu, kabla ya kutoa fedha, uliza OBR kuhusu ushuru, BBN kuhusu ubora, na ABREMA kama kifaa hicho kinahesabiwa kuwa cha tiba. Alama ya CE peke yake isikutulize. Kwa vifaa tiba vya kundi hili, pembeni yake huwa na tarakimu nne za taasisi iliyokagua, na alama yoyote inaweza kuchapishwa na mtu yeyote. Dai karatasi, namba ya mashine, risiti na dhamana.

Mzigo uliovushwa usiku kwa mtumbwi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ukikamatwa, mashine inakwenda na deni la kikoba linabaki.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa dada yangu. Dola 900 za mashine, tuseme 300 nyingine za ushuru, usafiri, stebilaiza na miwani. Jumla ni 1,200. Akibakiwa na dola tatu kwa kila huduma, anahitaji huduma 400 ili arudishe mtaji, bila kuhesabu riba. Kuondoa nywele hutaka mara sita hivi kwa mtu mmoja, maana yake wateja 67 wanaomaliza mzunguko mzima. Minago wako wangapi wenye uwezo huo? Na akimuunguza mmoja tu, gharama za hospitali na maneno ya mtaani vitakula faida ya mwaka.

Sisemi akina dada wasiendelee. Nasema waanze na kile wanachoweza kukisafisha na kukitengeneza: mashine nzuri ya kunyolea yenye visu vinavyochemshwa, mvuke wa uso, uzi wa kutolea nywele. Wakitaka leza waungane vikundi viwili au vitatu, mmoja wao apelekwe kusoma, na wafanye kazi karibu na muuguzi au daktari. Nao wakuu wa tarafa wangefanya vyema kuandikisha saluni zenye mashine hizi mapema, kabla majeruhi hawajaanza kujipanga.

Nilimpigia simu dada yangu wiki iliyopita nikamsomea maswali haya. Akaniambia amemtaka mchuuzi alete kwanza karatasi za mashine na aseme ni nanomita ngapi. Mchuuzi aliahidi kurudi Jumatatu. Jumatatu imepita, na fedha za kikoba bado ziko kwenye sanduku lao.