Mazoezi ya majini yanashusha presha, bibi wa Sumbawanga aanzie wapi?

Sumbawanga. Kwa bibi mwenye presha na magoti yanayouma, ushauri wa "fanya mazoezi" ni rahisi kuutoa, kazi ipo kwenye kuutekeleza. Ndiyo maana mazoezi ya ndani ya maji yanazungumzwa sana. Maji yakifika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili, hivyo magoti yanapumua.

Faida haiishii kwenye magoti. Maji husukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani, na mwili unaitikia kwa kutoa chumvi na maji kupitia mkojo. Yakiwa ya uvuguvugu, mishipa inatanuka na damu inapita kwa urahisi.

Mfano unaotajwa sana unatoka Brazil. Mwaka 2014 watafiti wa huko walitoa matokeo ya wagonjwa 32 ambao presha zao zilikuwa sugu licha ya kutumia dawa kadhaa. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye maji ya nyuzi joto 30 hadi 32, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Wastani wa presha yao ya juu, iliyopimwa kwa saa 24, ulishuka kutoka 137 hadi 120. Si mchezo. Ila wagonjwa walikuwa wachache, wengi wa umri wa miaka ya 50, na waliendelea na dawa zao.

Sasa lete hesabu hiyo Ufipa. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake inajulikana. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Kwa hiyo mto au bwawa la maji baridi si mbadala wa yale ya Brazil, linaweza hata kuleta madhara. Ukishuka Lyamba lya Mfipa kwenda Ziwa Rukwa, joto lipo, lakini kuna mamba na kichocho.

Maana yake ni kwamba bibi wa Ufipa asisubiri bwawa. Kilichowasaidia wale wa Brazil si maji peke yake, ni ratiba pia: mara tatu kila wiki bila kuruka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wazee wakiwemo. Kutembea na jirani jua likishapanda, au kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa kwa anayeumwa magoti, ni mwanzo mzuri. Asiache dawa, na apunguze chumvi, ikiwemo ile ya samaki wa kukaushwa.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kipimo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, yaani 140/90 na kuendelea, au anatumia dawa zake. Utafiti huo uliwahusu watu wa miaka 25 hadi 64. Bibi wa miaka 70 hakuhesabiwa kabisa, wakati presha huongezeka kadiri umri unavyokwenda.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Ila matibabu ya bure hayamsaidii asiyejua kuwa anaumwa, na presha haipigi hodi. Wengi huijua siku mkono na mguu vinapokufa ganzi.

Kwa Sumbawanga, mashine ya kupimia presha inayofanya kazi kwenye kila zahanati, pamoja na kikundi cha akina bibi wanaotembea pamoja, vinaweza kuokoa wengi kuliko bwawa lolote.