Eti Mtanzania Hanunui Wimbo

Mauzo ya muziki yakitajwa tu, hakosekani meneja wa kusema Mtanzania hapendi kulipa, amezoea vya bure. Dai hili halivuki hata mlango wa steshenari ya mtaani.

Ingia pale penye kompyuta. Mteja anachomoa memori kadi kwenye simu, kijana anaichomeka, mafolda yanafunguka: Singeli mpya, Taarab, Injili, Zilipendwa. Anachagua, anajaziwa, anatoa hela. Bure iko wapi hapo? Kasoro ni kwamba hela inaishia kwa mwenye kompyuta, na aliyeimba hapati hata senti. Tazama pia miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia. Huko Kenya, huduma ya miito ya Skiza ya kampuni ya simu ya Safaricom imezua ugomvi wa miaka kati ya wasanii na wenye mitandao kuhusu mgawo, mpaka mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ikarekebishwa ili msanii apate si chini ya asilimia 52. Bunge haligombei mgawo wa kitu kisichouzika.

Wengine wanasema bei ndogo inamshusha msanii. Apple ilipofungua duka la iTunes Aprili 2003, wimbo uliuzwa senti 99 za Marekani, na wakati huohuo programu ya Kazaa ilikuwa inagawa nyimbo zilezile bila malipo. Wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Kufikia Februari 2013, bilioni 25. Wanunuzi walijua vya bure viko wapi. Walilipa kwa sababu wimbo ulikuja mzima, una jina lake sahihi, hauna virusi.

Halafu kuna hofu ya WhatsApp: faili likishashushwa, litagawiwa. Litagawiwa, ndiyo, kama kaseti zilivyorudufiwa. Apple ilianza kwa kuzifunga nyimbo zake kwa kufuli la kidijitali, na aliyesumbuka ni yule aliyelipa. Mwaka 2009 ikaziondolea kufuli, na duka likaendelea kuuza.

Dai lenye uzito ni kwamba kupakua kumepitwa na wakati, siku hizi watu wanasikiliza mtandaoni, Boomplay na Spotify. Marekani ni kweli: mauzo ya kupakua yameporomoka tangu 2013. Lakini huku bando lina saa yake ya kufa. Wimbo wa dakika nne, kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, una karibu MB 4. Dereva wa bodaboda akiurudia mara ishirini mtandaoni, MB 80 zinaweza kwenda kwa wimbo mmoja. Utaambiwa programu zinaruhusu kuhifadhi. Mara nyingi ni kwa anayelipia mwezi, na mwezi ukikatika nyimbo zinafungwa. Anayepata riziki kwa siku ananunua kwa siku. Wauza mafuta ya kupima wanalijua hilo, na kampuni za simu nazo zililijua zamani, ndiyo maana kuna bando la saa 24. Tovuti ya muziki ya Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, ilijijenga kwa kumwachia msikilizaji apakue kihalali huku matangazo yakilipa gharama, na mwaka 2020 ikaingia soko la hisa la Copenhagen. Si dalili ya kitu kilichokufa.

Limebaki dai la makato: ukiuza wimbo shilingi 200, ada za kutuma pesa zitaumeza. Zitaumeza kweli, kama kila wimbo utalipiwa kama muamala unaojitegemea. Ila malipo ya miito ya simu yanakatwa moja kwa moja kwenye salio, na mteja hahitaji kadi ya benki wala namba ya siri. Njia hiyohiyo ingeweza kuuza wimbo wenyewe, faili likabaki kwenye simu ya mnunuzi moja kwa moja. Kinachokwamisha ni fungu ambalo mwenye mtandao anataka kujikatia, na hapo ndipo mameneja wangepigia kelele, wamwache mteja wa steshenari apumue.