Tusimlaumu Mwenye Simu Peke Yake

Mara nyingi nasikia, hapa Kasulu na hata kwetu Kibondo wakati wa likizo, ya kuwa mtu akiibiwa siri za simu yake amejitakia: amebonyeza asichokijua. Siafikiani na maneno hayo, na sababu yangu naitoa kwa jirani zetu wa Uganda.

Tarehe 3 Desemba 2021 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba simu za iPhone za watumishi wa serikali ya Marekani wasiopungua 9, waliofanya kazi Uganda au kushughulikia mambo ya nchi hiyo, zimeingiliwa kwa chombo cha upelelezi cha kampuni ya NSO ya Israeli. Ufa uliotajwa ulikuwa katika sehemu ya simu isomayo picha, wala haukuhitaji mtu abonyeze kitu. Ujumbe ulifika, basi.

Ufa wenyewe ni wa hesabu. Apple haikuandika kila kitu. Kazi ya kusoma picha za namna iitwayo JBIG2 ilitoka katika Xpdf, programu ambayo yeyote aweza kuisoma na kuitumia. Hiyo hujumlisha alama za picha ili ijue itenge nafasi kiasi gani katika kumbukumbu. Washambuliaji walitia idadi kubwa mno, jumla ikazunguka kama mita ya pikipiki ipitapo 99999 ikarudi 00000. Nafasi ikatengwa ndogo, kisha vikamiminwa vitu vingi, kama gunia la maharage katika kopo. Yaliyozidi yakamwagikia kwa jirani. Ila maharage haya yalipangwa kwa hila, yakageuka amri.

Je, watumishi wale wangejihadhari vipi? Wa kuziba ufa alikuwa mtengenezaji, na Apple ilitoa marekebisho tarehe 13 Septemba 2021.

Simu zetu nyingi si iPhone, lakini nazo zimejaa programu zilizoazimwa vivyo hivyo. Wazee wetu hukataa kuzisasisha wakiogopa kumaliza bando. Siwacheki, maana bando ni fedha. Lakini ndizo zipokeazo fedha za mazao na kulipa ada zetu. Kwa maoni yangu, bando la kusasisha lihesabiwe pamoja na bei ya simu. Na anunuaye simu ya mtumba, kabla ya kusifu kamera, amwulize mwuzaji kama mtengenezaji bado anaitolea marekebisho.