Kizuri Chajiuza

Wako wafanya biashara wa Marekani wasemao kwamba Ulaya imekifungia mlango chakula chao kwa wivu, na kwamba mlango uliofungwa kwa wivu ni halali kuvunjwa. Usemi huu una sehemu ya kweli, nayo yastahili kukiriwa kwanza. Mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya lilipandisha ushuru juu ya kuku wa kigeni. Kosa la kuku wa Marekani halikuwa sumu wala ugonjwa. Lilikuwa urahisi wa bei. Huo ulikuwa wivu wa soko, wala hauna jina jingine.

Lakini kosa la jirani halihalalishi kila kisasi. Mwishoni mwa mwaka 1963 Rais Johnson alijibu kwa kutoza 25 kwa mia juu ya malori, na kwa kupandisha ushuru wa brandi na wanga wa viazi. Mtengeneza malori hakufuga kuku. Hata hivyo ushuru wa malori uliendelea kwa zaidi ya nusu karne, ugomvi wa kuku ukiwa umekwisha sahauliwa.

Jambo la nyama ni jingine. Tangu mwaka 1989 Ulaya ilikataa kuingiza nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni, na wafugaji wake wenyewe walikatazwa vilevile kuzitumia. Mwaka 1998 Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba katazo hilo halikujengwa juu ya uchunguzi wa kutosha wa madhara. Na iwe hivyo. Baraza laweza kupima ushahidi wa madhara. Haliwezi kumtia mlaji hamu ya kula asichotaka.

Marekani haikuridhika. Mwaka 1999 ilitoza 100 kwa mia juu ya jibini la Roquefort na bidhaa nyingine za Ulaya. Mfuga kondoo wa kusini mwa Ufaransa akaadhibiwa kwa ajili ya ng'ombe asiowajua. Matunda yake yalikuwa nini? Mwezi wa Agosti mwaka huo José Bové na wakulima wenzake walibomoa mkahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau, na chakula cha Marekani kikageuka alama ya ubabe. Katazo halikuondolewa.

Mlango ulifunguka kwa ufunguo mwingine. Kwa mapatano ya mwaka 2009 Ulaya ilikubali kuingiza bila ushuru kiasi maalumu cha nyama isiyo na homoni. Na mwaka 2019 Marekani ilitengewa fungu lake, la kukua hata kufikia tani 35,000 kwa mwaka. Aliyekubali kufuga kama atakavyo mnunuzi alipata soko ambalo adhabu haikumpatia.

Uhuru wa biashara ni uhuru wa kuuza pamoja na uhuru wa kutonunua. Adaiye wa kwanza na kuukana wa pili hadai biashara, adai kodi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakutaja kiuzwacho kwa fimbo, kwa kuwa hicho hakikuwa bidhaa machoni pao.