Kiki si mfalme: acheni kuzika maneno ya watu chini ya besi

Haya jamani, leo tuweke msimbo kando kidogo. Nina ugomvi na maprodyusa wa huku Eastlands, na kwa kuwa ugomvi wenyewe ni wa hesabu na sayansi, unaingia kwenye blogu hii bila kuomba ruhusa.

Kanuni yao ni hii: weka kiki kwanza, halafu besi, halafu hayo mengine yatajitafutia pa kukaa. (Kiki ninayosema ni ile ngoma ya chini, dum dum dum, si ile ya wasanii wa Bongo wanaosaka umaarufu.) Sauti ya mtu anayeongea wanaiita "ladha", ya kunyunyiza juu kama kachumbari kwa mutura. Nimeisikia kanuni hii Buruburu, nimeisikia Umoja, nimeisikia Kayole, kila mahali kijana ana tarakilishi, FL Studio na godoro limeegemezwa ukutani. Mimi nasema ni uvivu. Na ikiwa maneno yenyewe ni ya mtu aliyeona jambo kwa macho yake, basi ni dhuluma.

Mnakumbuka Bonoko? Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kijana aliyekuwa akiishi mtaani pale Ngara aliieleza runinga jinsi polisi walivyomuua mtu kisha wakamwekelea bonoko, yaani bunduki bandia kwa Sheng. DJ Styles akaichukua ile sauti, akaikatakata, akaitilia mdundo. Rimiksi ikaenda mbali kuliko taarifa ya habari yenyewe, na yule kijana baadaye akawa mtangazaji wa Ghetto Radio. Watu walicheka na kucheza, ndiyo, na hilo la kucheka lina uchungu wake kwa sababu kuna mtu alikufa. Lakini maneno yalisikika. Ukiuliza kijiweni ni nani aliwekelewa nini, ulijibiwa. Wimbo uliishi kwa sababu ya yale maneno, wala si kwa sababu ya kiki.

Sasa chukua ushuhuda kama huo uuweke kwenye transi. Napenda transi, nichekeni tu, mkazi wa Umoja anayesikiliza muziki uliozaliwa Ujerumani miaka ya 1990. Transi nyingi hukimbia mapigo 130 hadi 140 kwa dakika. Tuseme 138. Gawanya milisekunde 60,000 kwa 138, unapata kama 435 kati ya kiki moja na nyingine. Mtu anayeongea kawaida hutoa silabi tano hadi saba kwa sekunde. Kwa hivyo kati ya kiki na kiki kuna silabi mbili au tatu, na kila mara moja kati ya hizo inapigwa nyundo kichwani. Kiki yenyewe inaweza kudumu milisekunde 150 au 200, urefu ule ule wa silabi moja.

Kwa Kiingereza ukipoteza silabi moja mara nyingi unabahatisha neno. Kwa Kiswahili? Lugha yetu imebeba nani, lini, na ndiyo au hapana kwenye silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi. "Alimpiga" na "walimpiga" zimetofautiana kwa sauti moja tu, hiyo W. "Alikuwa na bunduki" na "hakuwa na bunduki", ni vipande viwili vifupi hapo mbele vinavyoamua kama marehemu alikuwa jambazi au raia. Na W ni sauti ya chini, nguvu yake kubwa iko kwenye mamia machache ya hertzi, mtaa ule ule ambako besi iliyokaangwa inajidai. Kiki ikiangukia hapo, umebadilisha ushahidi bila hata kugusa mkasi.

Mtaniambia, lakini besi iko chini, kwenye 50 au 60, sauti ya mtu iko juu, zinagongania wapi? Zinagongana sehemu mbili. Kwanza, sikio lenyewe. Sauti nzito hufunika sauti za juu yake kuliko sauti nyembamba zinavyoweza kufunika za chini, na kadiri unavyoongeza volyumu ndivyo kivuli hicho kinavyopanda juu zaidi. Ndiyo maana wimbo unaosikika vizuri kwenye kipakatalishi unageuka mkoromo ndani ya nganya ya 58. Pili, maprodyusa wanajua spika ya simu haiwezi kutoa hertzi 55, basi wanaikaanga besi mpaka itoe sauti za ziada kwenye 200 hadi 500 ili isikike TikTok. Hapo ndipo irabu zetu zinaishi! Mmehamisha besi chini ya nyumba mkaileta sebuleni, halafu mnauliza mbona mgeni hasikiki.

Kwa sisi wa programu hili ni jambo la kila siku. Michakato miwili inataka rasilimali moja kwa wakati mmoja, unaweka kufuli. Kiki na besi mnazifungia kufuli tayari: kompresa kwenye besi inayosikiliza kiki, kiki ikilia besi inashuka, ikinyamaza besi inarudi. Vizuri sana. Tena kwenye transi besi nyingi hupigwa katikati ya mapigo, kwa hivyo hazigombani kabisa. Lakini sauti ya binadamu haina kufuli lolote. Inaachwa ijipiganie. Kwa nini kompresa isisikilize sauti? Mtu akifungua mdomo, besi na sinthi zishuke desibeli tatu au nne kwenye mia mbili hadi mia tano, na zile sinthi za kung'aa zishuke kwenye elfu moja hadi elfu nne, ambako konsonanti zinatambulikana. Mtu akinyamaza, virudi. Msikilizaji hatagundua hata kidogo kwamba umemfanyia hivyo.

Na mkate chini ya hertzi 100 kwenye klipu, bila huruma. Huko kuna upepo, injini na mkono wa mwanahabari uking'ang'ania maikrofoni. Msiogope kwamba sauti itakonda; sikio hujijengea noti ya chini kutokana na zile za juu yake. Redio ya mama jikoni imekuwa ikifanya hivyo miaka yote. Kama klipu ina kelele nyingi, Spleeter ya Deezer iko bure tangu 2019, itenganishe kwanza.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba transi yenyewe imekupa chumba. Kuna ile sehemu ya katikati kiki inapoondoka, sinthi zinapanda polepole, watu wanasubiri. Hapo ndipo ushuhuda unakaa, mzima, pamoja na vituo vyake na pumzi zake. Kiki ikirudi, rudisha kifungu kimoja tu ambacho watu wameshakisikia wazi. Sikio likishajua neno, linalitambua hata likipita chini ya lori. Na hicho kifungu kisogeze milisekunde hamsini au mia ili kiambishi kidondoke katikati ya kiki mbili. Kusogeza ni halali. Kukata "ha" ya "hakuwa" ili maneno yaingie kwenye mapigo si halali, hata kama drop inakuwa tamu vipi.

Kuna jamaa mmoja hapa mtaani aliyenijibu, "Boss, watu wanacheza, hawasikilizi." Aende California akaulize. Calif Records ya Clemo ilijenga genge pale na akina Nonini na Jua Cali, mdundo mzito, na bado kila kijana alijua mistari. Aende Dandora, nyumbani kwa Kalamashaka, auliza kama watu waliwapenda kwa sababu ya besi. Tena hao ni marapa, wanapanga silabi zao juu ya mapigo makusudi. Shahidi wa Ngara hakupanga. Alikuwa anaongea na runinga. Kazi ya kumpangia nafasi ni yako wewe uliyemchukua.

Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, sauti za watu wa kawaida zilitiwa midundo kila siku, na nyingine zilikuwa zinasimulia risasi. Kama una moja kwenye diski yako, fanya jaribio hili kabla hujaipandisha: mpigie mtu ambaye hajawahi kusikia klipu asilia, kwa spika ya simu, kisha ndani ya matatu. Muulize nani alimfanya nani nini. Akikosea nani, shusha kiki desibeli mbili, umpigie mtu mwingine. Huyo wa kwanza hafai tena, ameshaambiwa jibu.