Ndege ya Kivita Mezani pa Seminari



Siku ya somo wa seminari yetu mwaka jana, kwenye meza ya kazi za mikono palikuwa na rozari, vikapu, misalaba ya mbao, na ndege moja ya kivita. Mseminari wa kidato cha tatu alitengeneza mfano wa MiG-21 kwa maboksi, mabua ya mahindi na gundi ya mbao, akaupiga msasa na kuupaka rangi ya kijivu. Baadhi ya waamini walikunja uso. Mama mmoja akauliza kwa sauti: "Baba Padre, hapa mnalea mapadre au marubani wa vita?"

Swali lile ni la haki. Kwa maoni yangu, kijana hakukosea, ila kazi yake ilikuwa bado haijaisha.

Tuanze na kazi yenyewe. Alitumia uwiano wa 1:24, yaani kila sentimita 24 za ndege halisi zinakuwa sentimita 1. Mabawa ya MiG-21 yana upana wa mita 7 na ushei. Katika mfano yanakuwa kama sentimita 30. Ukikosea milimita 2 tu, umekosea karibu sentimita 5 za ndege halisi, na bawa moja linalizidi jingine. Kijana alibandua bawa la kushoto mara tatu. Rula haidanganywi wala haibembelezwi. Huko kujisahihisha bila kusimamiwa ndiko tunakokutafuta katika malezi, na hapa Usambara, ambako mkulima hukata matuta kwenye mteremko kwa kipimo cha jicho, hatuna sababu ya kudharau kazi ya mikono.

Hata hivyo, ndege hii si kama gari la waya la watoto. MiG-21 zilikuwamo katika majeshi ya pande zote mbili za vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Magofu ya kanisa la Kyaka yanashuhudia hadi leo. Aliyeliongoza taifa katika vita hivyo ni Mwalimu Nyerere, Mkatoliki ambaye leo tunamwita Mtumishi wa Mungu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unamtambua askari anayelinda watu wake kwa uaminifu kuwa mhudumu wa amani. Hati hiyohiyo inalaani kuangamiza miji pamoja na wakazi wake, na inasema mashindano ya silaha yanawaumiza maskini. Kwa hiyo hatuna haja ya kuificha ndege ile, wala hatuwezi kuipigia makofi tu.

Aliyenifundisha hayo ni mzee mmoja wa parokia, aliyepigana Kagera. Aliishika ndege muda mrefu, akaigeuza, kisha akamwambia kijana: "Umeitengeneza vizuri, mwanangu. Ila sisi tulikuwa chini. Chini hujaweka mtu."

Kijana hakujibu. Wiki iliyofuata alichonga mama aliyebeba mtoto mgongoni, kwa uwiano uleule: sentimita 7, kimo cha kidole. Akamsimamisha chini ya bawa.

Wazazi na walezi wenzangu, tusiwanyang'anye vijana msasa na gundi. Wakitaka kutengeneza ndege za vita, tuwadai mambo mawili: wajue ndege hiyo ilifanya nini na kwa nani, na waweke mtu chini yake kwa kipimo sahihi.

Mwaka huu mfano huo utakuwa mezani tena siku ya somo. Namwomba mama yule aje auangalie upya, na swali lake aliulize tena mbele ya waseminari wote. Safari hii kijana atajibu mwenyewe.