Walengwa au Washirika? Funzo la Lamu kwa Wafadhili wa Maendeleo

Katika stakabadhi za miradi inayofadhiliwa na mataifa na mashirika ya nje, mwananchi wa kawaida aghalabu huitwa mlengwa. Neno hili limezoeleka mno hata hakuna anayelishtukia. Lakini mwanafunzi yeyote wa sarufi anajua kwamba mlengwa ni mtendwa. Yeye halengi, hulengwa, kama ndege anavyolengwa kwa manati. Mwenye kulenga yuko mbali, na ndiye pekee aijuaye shabaha.

Huenda msomaji akadhani huu ni uchokozi wa mwanaisimu tu. Sivyo. Mwaka 1986, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Azimio la Haki ya Maendeleo, lilitamka kwamba binadamu ndiye kiini cha maendeleo, na kwamba anapaswa kuwa mshiriki mtendaji na vilevile mwenye kunufaika. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yaliongeza ahadi ya kutomwacha yeyote nyuma, na lengo la 16 likafungamanisha amani, haki na taasisi zinazojumuisha watu wote. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Swali ni hili: ahadi hizi huishia wapi mradi unapoteremka kutoka ofisini hadi ufuoni?

Tutazame Lamu. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua huko mradi wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, reli na bomba la mafuta la kuziunganisha nchi hizo tatu. Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kubeza haja ya bandari wala barabara katika eneo lililolalamikia kusahauliwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, wavuvi waliozitegemea bahari na mikoko ya huko kwa vizazi na vizazi waliona mradi ukianza kabla sauti yao haijasikizwa. Wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kuwa haki zao za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni zilikuwa zimekiukwa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuliwa fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76.

Tulizingatie neno utamaduni katika uamuzi huo. Mahakama ilitambua kwamba kwa Mwamu na Mbajuni, uvuvi si ajira tu. Ni namna ya kuishi, yenye elimu yake ya pepo, maji na nyota, na yenye msamiati usiopatikana katika ripoti ya mhandisi yeyote.

Kisa cha pili ni cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, kilichonuiwa kujengwa Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu zake kuu ni kwamba mikutano iliyofanywa na wenyeji ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla athari zake hazijachunguzwa. Ripoti ya athari ilipokuwa tayari, wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha kuijadili. Kwa maneno mengine, watu waliulizwa maoni yao kuhusu jambo ambalo hawakuwa wamelijua bado.

Hapa ndipo sarufi inapotufaa. Kiswahili kina kitenzi kushiriki. Kina pia kushirikisha, kushirikishwa na kushirikiana. Ripoti za wafadhili hupenda sana hicho cha tatu: "wananchi watashirikishwa." Atakayewashirikisha ndiye atakayechagua siku, mahali, ajenda na lugha. Mwananchi ataketi, atasikiliza, atatia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo itakuwa ushahidi kwamba alikubali. Kushirikiana ni jambo jingine kabisa. Ni kauli ya kutendana, na haitimii mpaka pande zote mbili ziwe na uwezo wa kusema ndiyo, la, au ngojeni kwanza.

Sheria zetu hazikusahau suala la lugha. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira zinaagiza mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na jamii zitakazoathirika. Lakini tangazo likiwa kwa Kiswahili ilhali ripoti yenye mamia ya kurasa inabaki katika Kiingereza cha kitaalamu, aliyetangaziwa ameambiwa nini? Na hata Kiswahili peke yake hakitoshi. Lamu ina Waaweri na Wasanye, jamii ndogo ambazo hata mkutano wa Kiswahili waweza kuziacha kando. Yuko pia mwanamke anayeishi kwa kuchuuza samaki, ambaye hatajwi wavuvi wanapohesabiwa. Yuko na kiziwi, ambaye lugha yake ya ishara imetajwa katika kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 lakini haionekani mkutanoni.

Je, haya yanahusianaje na amani? Mwaka 2018, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia zilitoa ripoti ya pamoja iliyoonyesha kwamba migogoro mingi hutokana na makundi kuhisi yametengwa na mamlaka, ardhi, mali asili, huduma na usalama. Kaunti ya Lamu, yenye malalamiko ya ardhi ya tangu zamani, ilishuhudia watu zaidi ya 60 wakiuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na viunga vyake mnamo Juni 2014. Haitakuwa haki kuubebesha mradi wowote lawama ya unyama huo. Lakini wahenga walionya: mwenye kovu usidhani kapoa. Mfadhili anayeingia katika eneo lenye makovu bila kuuliza anaweza kuyatonesha bila kukusudia.

Wapo wanaosema kwamba mashauriano ya namna hii hugharimu fedha na kuchelewesha miradi. Ni kweli, hugharimu. Lakini mkalimani na tafsiri ya ripoti hugharimu kiasi gani, zikilinganishwa na fidia ya bilioni 1.76 na leseni iliyofutwa baada ya miaka mitatu? Novemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ilitangaza kwamba haitafadhili kiwanda hicho. Kwenda mbio si kufika.

Walimu na wanafunzi wa lugha wana kazi hapa. Tumezoea kuipima taaluma yetu kwa mitihani na uhakiki wa tamthilia. Ripoti za miradi pia ni matini. Zichambuliwe darasani, zifasiriwe, nasi tuulize katika kila sentensi: mtenda ni nani, na mtendwa ni nani? Wafadhili nao watakiwe kuweka tafsiri na ukalimani katika bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza, pamoja na saruji na chuma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona kwa dawa ambayo hakuelezwa ni ya nini.